Masweta ya Mnadani na Mapambo ya Sikukuu

Mwezi wa Desemba, kaskazi ikiwa imeshika na jasho likimtoka mtu hata akiwa amekaa kivulini, hakuna anayenunua sweta mjini Lindi. Lakini belo la mitumba halijui linafunguliwa wapi. Likikatwa kamba mnadani hutoa magauni, mashuka, mapazia ya lesi na, katikati ya hayo yote, masweta mazito ya sufu ambayo muuzaji huyarusha pembeni ya turubai bila hata kuyaitia bei. Mwaka jana nilichukua matatu kwa shilingi 1,500, jekundu, la kijani na jeupe lililopauka kidogo, na kijana aliyekuwa akiuza akanitazama kwa mashaka. “Mama, haya unampelekea nani? Una mtu Njombe kwenye baridi?” Nilimjibu kwamba nakwenda kuyafumua, naye akapokea fedha yake haraka, nadhani akihofia nisije nikaghairi.

Ninayaeleza haya kwa sababu kila mwaka inapokaribia Krismasi, au Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, nasikia watu wakishauriana kutengeneza mapambo wenyewe ili kupunguza gharama, kisha naona gharama ikipanda. Mtu huanza na picha aliyoiona kwenye simu. Picha inataka utepe wa dhahabu, gundi ya kuyeyusha, rangi ya kupuliza na unga wa kumetameta, naye huzunguka duka hadi duka akitafuta vitu hivyo, na vinavyokosekana huviagiza Dar es Salaam kwa basi. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo kwa ajili ya shada moja la mlangoni, na nilipopiga hesabu nikakuta kwa fedha ile ningenunua mashada mawili yaliyokwisha kutengenezwa dukani. Nusu ya vifaa ilibaki kwenye boksi, na gundi ikakaukia humo humo. Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba pambo la bei nafuu huanza na kitu kilichopo mkononi, na umbo lake hutafutwa baadaye.

Sweta, kwa mfano, lina adabu zake. Kabla ya kulipa, ligeuze nje ndani utazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kila kipande kimefumwa kikaisha kwenye ukingo wake, kisha vikaunganishwa kwa uzi mmoja, sweta hilo litafumuka kwa uzi mrefu usiokatika. Ikiwa ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa ovaloki, utapata vipande vifupi visivyofaa kazi nyingi, kwa hiyo liache hapo hapo hata ukipewa bure. Lililo zuri hutenganishwa mishono kwanza, halafu hufumuliwa kuanzia shingoni na mabegani, kwa sababu mengi hufumwa kutoka chini kwenda juu na uzi hukubali kurudi kwa njia uliyoijia. Uzi ukitoka huwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usije ukavurugika, ufue kwa sabuni, kisha uutundike ukiwa na chupa ya maji iliyoning’inizwa chini yake. Ukikauka unakuwa umenyooka.

Baada ya hapo kazi ni ya watoto. Uzi huzungushwa kwenye vidole vinne mara themanini hivi, huchomolewa, hufungwa kiunoni kwa nguvu, na vitanzi hukatwa pande zote mbili mpaka pawe na kibonge kilichotimka kama kifaranga. Sweta jekundu peke yake lilitupatia vibonge 52, na mtoto wa dada yangu alihesabu mara mbili kwa kuwa hakuamini. Tulivitunga kwenye kamba ya katani, tukaweka baina yao vizibo vya soda vilivyopondwa na kutobolewa kwa msumari, ambavyo upepo wa baharini ukipita hutoa mlio mwembamba unaopendeza. Vizibo nilipewa na mama mwenye genge la jirani, aliyekuwa akivifagia kila jioni.

Kanga zilizochakaa nazo zina nafasi yake. Mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, ndio huanza kuchanika kwa kufuliwa na kukaliwa, lakini pindo mara nyingi hubaki na rangi yake, kwa hiyo mimi hukata pembetatu kutoka kwenye pindo na kuzishona kwenye utepe mrefu wa kupitisha darini. Ukili, yaani mkanda wa majani ya kusukia, uliobaki baada ya kushona mkeka ni bora zaidi, maana umekwisha kusukwa na miyaa yake imekwisha kutiwa rangi. Pima moja hukunjwa ikawa nyota mbili au tatu. Ninashangaa tunavyouacha ukili uoze uani huku tukinunua nyota za plastiki.

Kuhusu gundi nina la kuungama. Mwaka mmoja nilipika uji mzito wa unga wa muhogo, ule ule tuliokuwa tukigandishia tiara utotoni, nikabandika karatasi za rangi ukuta mzima wa sebule. Ziliganda vizuri sana. Usiku wa pili mende walikuja kula, na asubuhi nyota zangu zilikuwa na matundu kama chujio la nazi. Siku hizi natumia sindano na uzi kwa kila kinachoshoneka.

Na korosho! Kwa kuwa sikukuu ya Krismasi hutukuta msimu wake haujaisha, kuna wanaopata wazo la kutunga korosho mbichi zenye maganda, umbo lake likiwa zuri kweli. Wasithubutu, hasa mbele ya watoto. Ganda lile lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na ukilitoboa kwa sindano yanakumwagikia vidoleni. Gunia lililobebewa korosho, hilo sawa: likikung’utwa na kuanikwa, hufunika vizuri ndoo yenye mchanga ambamo tawi la mvinje limesimamishwa. Nasema tawi, kwa maana mvinje wa ufukweni unashika mchanga na unakinga upepo, na hauna haja ya kukatwa wote kwa ajili ya siku chache. Wapo wanaoupamba kwa pamba ya hospitali ili ufanane na theluji. Mimi sijawahi kuiona theluji, na mvinje wangu pia haujawahi, basi tunaiacha. Nje, mkrismasi umewaka maua mekundu barabara nzima, na hakuna aliyeulipia.

Najua lawama inayosubiri: kwamba mapambo ya mitumba yanatangaza umaskini mbele ya wageni. Kinachotangaza umaskini, kwa maoni yangu, ni uzembe. Kitambaa kisichofuliwa, kisichopigwa pasi, chenye nyuzi zinazoning’inia ukingoni, kitaonekana kibaya hata kama kilitoka dukani jana. Nimelelewa katika nyumba ambayo upande wa baba ni Wakristo wa Nyangao na upande wa mama ni Waislamu wa Lindi mjini, na mwishoni mwa Desemba 2000, Krismasi na Idi zilipofuatana kwa siku mbili tatu tu, mama alipamba mara moja. Utepe ule ule wa kanga ulimpokea babu aliyekuja na jogoo wake, kisha ukawapokea mashangazi waliokuja na vikombe vya kuazimana, na sikumbuki mgeni hata mmoja aliyeuliza umetoka wapi.

Kwa sababu Idi husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, mapambo yetu hayana mwezi mmoja wa kutolewa. Sikukuu ikipita nayakung’uta, nayaanika jua moja, nayatia kwenye foronya ya mtumba pamoja na majani makavu ya mwarobaini, kisha naitundika foronya kwenye kenchi ambako panya hawaifikii kirahisi. Sweta jeupe bado sijalifumua. Linangoja Maulidi, na wiki iliyopita kijana wa mnadani alinipigia simu kuniambia ameniwekea mengine mawili, la bluu na la manjano, ila sasa bei imepanda.