Haibridi ya dizeli ipo, faida yake ndiyo ndogo

Kuna anayeuliza kwa nini hakuna aliyetengeneza haibridi ya dizeli, yaani gari linalooanisha injini ya dizeli na mota ya umeme. Wapo. Kufikia mwisho wa 2012 Ulaya ilikuwa na Mercedes E300 BlueTEC Hybrid, Volvo V60 ya kuchaji kwa waya, na Peugeot 3008 HYbrid4: dizeli ya lita 2.0 mbele, mota ya nguvu farasi 37 nyuma.

Tatizo ni hesabu. Injini ya kawaida ya petroli ikienda taratibu hupoteza nguvu kuvuta hewa kupitia kipepeo (kilango cha hewa) kilichozibwa nusu. Dizeli haibanwi hivyo. Hupunguziwa mafuta tu. Kwa hiyo mota ya umeme haikuti upotevu mwingi wa kuokoa, na bado unalipia pampu ya presha kubwa, turbo, betri na mota kwa pamoja.

Kisha kuna chujio la masizi kwenye eksozi, ambalo naona husahaulika kabisa. Hujisafisha kwa kuchoma masizi, nayo huungua kwenye joto la nyuzi 600 hivi. Mjini injini ikizimwa kila mara, eksozi hupoa na usafishaji hukatika njiani. Dizeli ya ziada iliyopulizwa kwa kazi hiyo huteremka kwenye oili. Kijiti cha kupimia kikionyesha oili imepanda juu ya alama ya mwisho, usiipunguze tu: imwage yote, weka mpya, halafu endesha barabara kuu mpaka chujio limalize kujisafisha.

Toyota Hilux ya dizeli yenye mfumo wa volti 48 nayo ni haibridi nyepesi tu: mota yake ya kilowati 12 husaidia injini kwa mkanda, haiendeshi gari peke yake.