Tani Saba za Mdomoni

Asubuhi hii nimetoka nyumbani kwangu kwa kuruka ukuta. Mimi, baba wa watu, mjumbe wa kamati ya shule, nimening'inia juu ya ukuta wangu mwenyewe, viatu vya kazini mkononi, suruali imenasa kwenye vipande vya chupa nilivyovipanda kuzuia wezi. Chini mama wa vitumbua anapita: "Shikamoo baba Neema." Ningefanyaje? Nikaitika marahaba hukohuko juu.

Dereva wa Fuso alikuja usiku na kokoto zangu. Akamulika tope la getini, akasema, "Bosi, humo siingii, gari la tajiri hili," akanyanyua bodi, akamwaga mzigo wote palepale, akaondoka. Geti langu linafunguka kwa nje. Na hizo kokoto, ndugu zangu, zimenunuliwa kwa ajili ya tope hilohilo lililomtisha.

Kwetu ni Goba, Dar es Salaam, mlimani. Mvua za vuli zikinyesha, maji ya majirani wote yanakuja kwangu kusalimia. Kagari kangu ka Vitz kanaburuza tumbo kutoka kibarazani hadi getini. Ndiyo nikasema basi, niweke njia ya kokoto, ya kitaalamu, kwa matabaka.

Tuanze na dalali. Pale kwenye kijiwe cha malori hakuna kokoto mbaya, zote ni Lugoba. Ukikuta lundo jeupe linaloacha unga mkononi, ni Lugoba. Ukikuta kifusi cha nyumba iliyobomolewa, kina vigae vya chooni ndani yake, nacho ni Lugoba, "ila ile ya bei ya kawaida." Sasa mimi Lugoba ninaijua, iko mbele ya Chalinze, jiwe lake la kijivu, gumu, na kila kilomita ya kuja Dar inapandisha bei. Lile jeupe la Kunduchi ni jiwe la chokaa. Kujazia chini halina ubaya. Ukiliweka juu, tairi zinalisaga, na mvua zikirudi unakuta umebadilisha rangi ya tope tu.

Kwa hiyo nilikwenda na msumari na ndimu.

"Karibu, mheshimiwa!" dalali akanipokea. Nikaokota jiwe moja kwenye lundo, nikalikwaruza kwa msumari. Unga mweupe ukaanguka kiganjani. Nikaing'ata ndimu, nikaukamulia ule unga. Ukatoa vipovu, vidogovidogo, unavisikia ukisogeza sikio. Makuli wakaanza kujisogeza mmojammoja.

"Bosi," dalali akasema, uheshimiwa umeshaniondoka, "unajengea au unakula?"

"Jiwe la chokaa likikutana na ndimu linatoa povu," nikamjibu kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Lugoba halitoi."

"Hilo limechoka tu, mzee. Limesafiri usiku kucha."

Kuli mmoja akauliza kama na chumvi ninayo. Mwingine akaomba ile nusu iliyobaki, supu yake inapoa kwa mama ntilie. Nikamnyima, kipimo hakijaisha. Akapiga kelele kijiwe kizima kisikie: "Huyu baba mawe anayapa ndimu, binadamu anawanyima!"

Dalali akaingiza mkono mfukoni, akatoa jiwe. Mfukoni! Jiwe anatembea nalo na funguo. "Pima hili." Nikalikwaruza, msumari ndio ukaliwa, ukaacha mstari unaong'aa juu ya jiwe. Nikakamua ndimu, kimya.

"Umeona sasa?"

"Nimeona. Lundo lake liko wapi?"

Akanionesha lilelile jeupe.

Wallahi nilikosa hata neno la kumwambia. Tukasimama hapo tunaangaliana, mimi na nusu ndimu, yeye na sampuli yake, mpaka mzee mmoja mlinzi akaona aibu kwa niaba yetu, akanipeleka nyuma ya choo, na huko kweli kulikuwa na lundo la kijivu, gumu, lenye kona kali. Bei ya huko nyuma ya choo siisemi, mama Neema anasoma haya.

Halafu vipimo. Njia yangu ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 3. Tabaka moja la sentimita 10 ni mita za ujazo 6, na mita moja ya ujazo ya kokoto ina kama tani moja na nusu, kwa hiyo tani 9 hivi. Dalali akasema gari moja la tani saba linatosha na zinabaki. Tani saba ya Dar es Salaam ni cheo, si uzito. Nilipotoa futi kamba nipime bodi, dereva alikasirika kuliko angetukanwa.

Kijana wangu aliyeko chuo ananiambia kuna Mskoti, John McAdam, miaka 200 iliyopita alijenga barabara kwa mawe madogo yaliyovunjwa, yenye kona, yakaumana yenyewe kwa uzito wa magari ya farasi, na wasimamizi wake walipewa mizani ya kupimia jiwe mojamoja. Wangemleta pale kijiweni angeondoka na presha.

Fundi sasa. Nimemweleza: toa udongo wa juu wenye mizizi, chonga mteremko maji yatoke pembeni, weka mawe ya inchi mbili tatu, shindilia, weka ya inchi moja, shindilia, juu malizia ya robo tatu ya inchi iliyochanganyika na vumbi lake ili vishikane. Kila tabaka lishindiliwe peke yake. Fundi akanisikiliza vizuri kabisa, akatema mate pembeni, akasema, "Mzee, mwaga tu. Gari lenyewe litashindilia." Gari langu lina tairi mbili upande huu na mbili upande ule! Litashindilia mistari miwili, kushoto nipate mto Msimbazi, kulia mto Mzinga, katikati kisiwa nipande mchicha.

Mama Neema yeye anataka zile nyeupe za mviringo, laini, ameziona hotelini kwenye sherehe. Nikamwambia zile zinabiringika, haziumani, utazikuta kwa jirani. Akasema basi tuweke kidogo pembeni za kupendezea. Kila mtu katika nchi hii anataka kuniuzia tabaka la juu. Hakuna hata mmoja aliyenipigia simu kuniuliza habari za chini.

Na lile lundo la getini linapungua. Watoto wa mtaa wameshachagua zao za kuchezea mdako, kwa uangalifu kushinda dalali. Jirani kaja na ndoo, "za kuwekea chini ya bomba tu, baba Neema." Bodaboda wamejaza shimo la kijiweni kwao, wakanishukuru kwa kujitolea. Mjumbe wa mtaa naye kapita, hakuchukua kitu, kauliza tu nitaondoa lini uchafu barabarani. Uchafu! Barabara yenyewe mara ya mwisho kumwagiwa changarawe Neema alikuwa chekechea.

Hapa ninapoandika, simu imeita ujumbe. Ni fundi. Anataka ya kukodi mashine ya kushindilia, kumbe mashine anaijua. Na mwisho ameandika, "bosi weka na ya kutolea." Ya kutolea! Hela yangu, kazi yangu, kokoto zangu ziko barabarani, na bado nimlipie fundi safari ya kwenda kwa wakala. Mshahara wangu unaingia kila mwezi, sijawahi kuona mhasibu ameniwekea ya kutolea. Jumapili mchango wa harusi ya mtoto wa shangazi, mweka hazina kaandika hivyohivyo, na ya kutolea. Hata huyu binti yangu wa darasa la sita juzi nimemwahidi mia tano, ananiuliza, baba, na ya kutolea je?