Mota au dizeli? Hesabu ya mashine ya kusaga iko kwenye shafti

Umeme ukifika kijijini, mwenye mashine ya kusaga huwa wa kwanza kukuna kichwa. Injini yake ya dizeli, ile ya magurudumu mazito na pipa la maji ya kupozea pembeni, ndiyo iliyomsomeshea watoto. Sasa vijana wanamwambia aing'oe aweke mota, na mafundi waliozeeka na injini hizo wanamwambia asithubutu. Kwangu mimi wote wana hoja. Tatizo ni kwamba hawazungumzii kitu kimoja: vijana wanahesabu bei ya nishati, wazee wanahesabu nguvu inayofika kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha mashine.

Kwenye bei hakuna ubishi mrefu. Lita moja ya dizeli imebeba nishati ya karibu uniti 10 za umeme. Injini ya zamani iliyotunzwa hugeuza kama robo tu kuwa mzunguko. Iliyobaki inaondoka na moshi, nyingine inachemsha lile pipa. Lita moja basi inakupa uniti 2.5 hivi kwenye shafti. Mota nzuri ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme, hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme inaokula, kwa hiyo kazi ileile inataka uniti 2.8. Tuseme tatu. Linganisha bei ya lita na bei ya uniti tatu, umemaliza. Kwa mteja wa TANESCO wa kundi la T1, yaani wa matumizi ya kawaida, anayelipa kama shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni 1,070 hivi. Dizeli ya bei hiyo tuliiaga zamani. Hata ukileta injini mpya inayogeuza theluthi ya mafuta yake, umeme bado unashinda.

Lakini wazee nao wana yao. Mwaka juzi nilisimama kwenye banda la mashine mkoani Dodoma, mzee mwenye mashine ameshanunua mota ya nguvu ya farasi 20. Akabonyeza swichi. Mota ikaunguruma bila kuzunguka, taa ya duka la jirani ikafifia mpaka ikawa kama kaa la jiko. Bibi mmoja aliyekuwa amekalia ndoo yake ya mahindi akaniambia, "Mjukuu wangu, si mturudishie tu ile ya moshi?"

Kabla ya kuwasha, kipimo changu kilisoma volti 400 kati ya fezi na fezi. Wakati wa kuwasha kikashuka hadi 330. Mtu ataona ni upungufu mdogo. Sivyo, kwa sababu nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata mraba wa volti: 330 kwa 400 ukiizidisha kwa yenyewe unapata 0.68. Karibu theluthi ya nguvu imeishia njiani. Mota ya namna hiyo ikiwa kazini hula ampea zisizofika 30, ila kwenye kuamka huvuta mara sita hivi ya hizo, na pale transfoma ilikuwa mbali, tena waya wenyewe mwembamba. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, na ni jambo la kujivunia. Lakini megawati hizo haziunenepeshi waya wa kijijini.

Dawa ya kawaida ni stata ya star-delta, kifaa cha kuwashia mota kwa hatua mbili, kinachopunguza ampea za kuwashia hadi theluthi. Kinapunguza na nguvu ya kuzungusha hadi theluthi vilevile, na hapo ndipo watu hunaswa. Mashine ikiwa tupu itaamka taratibu. Umeme ukikatika katikati ya debe, mahindi yanabaki ndani yamezibana nyundo, vile vyuma vinavyoyaponda, na ukirudi mota haitoki mpaka uyachokonoe yote. Fezi moja ikipotea bila kifaa cha kuikata, mota inaungua, na kusukwa upya ni mpaka mjini. Injini ya dizeli ina yale magurudumu yake: debe likimwagwa kwa pupa, uzito unaozunguka unakopesha nguvu kwa sekunde kadhaa. Ikiharibika nozeli ya kunyunyizia mafuta, fundi yupo nyumba ya tatu.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulisahau, nalo ndilo linaloniogopesha zaidi: puli, lile gurudumu linalobeba mkanda. Injini ya yule mzee wa Dodoma ilizunguka mara 850 kwa dakika, mashine ikitaka 3,000. Mota yake inazunguka 1,450. Kijana wa kuchomelea alikuwa ameshaanza kutanua tundu la puli ya injini ili iingie kwenye mota. Angefanikiwa, mashine ingepita mizunguko 5,000. Nyundo ya gramu 300 iliyo sentimita 20 kutoka katikati, kwa mizunguko 3,000, inavuta pini yake kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Kwa 5,000 ni zaidi ya kilo 1,600. Pini ikikatika, kile kibati cha pembeni hakizuii kitu, na foleni ya akina mama iko mita mbili.

Kwa hiyo ukiniuliza: fezi tatu na transfoma iliyo karibu, weka mota, na bei ya kifaa cha kulinda fezi usiilalamikie. Fezi moja mwisho wa laini, baki na dizeli yako bila aibu, hata kama uniti ni rahisi.

Yule mzee alikuwa katikati. Tulibadili mota tukaweka ya farasi 15 yenye stata, puli ya mota ikiwa kubwa mara mbili na kidogo kuliko ya mashine, na tukapunguza mlango wa mahindi ili yashuke polepole. Debe linachukua muda zaidi, wateja wananung'unika kidogo. Injini haikuuzwa. Iko palepale chini ya turubai, mkanda wake umetundikwa msumarini.