Siki ya Mama Mkwe

Ilikuwa Julai, kusi inavuma, Mama mkwe akavuka na boti kutoka Wete, Pemba, kuja kututazama. Mama na maji ya baridi hawapatani, anasema yanamwingia magotini. Mie nikatuna kifua: "Mama, safari hii hukogi maji ya ndoo. Tuna hita!"

Hita yenyewe ni ya gesi, haina tangi, maji yanapashwa yakiwa njiani. Imetundikwa ukuta wa nje wa bafu, maana moshi wake si wa kufungiwa ndani.

Mama akaingia. Haijapita dakika tano nikasikia: "Mwanangu wee! Haya maji yenu yamefunga saumu?"

Yalikuwa yakitoka kiasi cha kumtawadhisha kifaranga. Na hita hizi maji yakipungua sana hujizima zenyewe zisiungue, kwa hiyo Mama alikuwa akipata tone la moto, tone la baridi, na kichwa kizima povu. Akamalizia kwa maji ya birika.

"Muite fundi," mke wangu akasema.

"Fundi wa nini? Juzi ile elbo, kile kiungo cha paipu kilichopinda, ya hita ilipovuja, nani aliiziba?"

Nikampigia binamu yangu aliyeko Leicester, Uingereza, kwao maji ya moto ndiyo maisha. "Presha inasoma ngapi? Iwe baa 1 hadi 1.5," akaniambia. "Na radieta umezitoa upepo?"

"Radieta iko gereji tokea Alhamisi, pamoja na gari."

Kumbe boila lao hupasha maji ya kukogea, na hapo hapo huzungusha mengine kwenye radieta za ukutani ili nyumba ipate joto. Ile presha aliyoniuliza ni ya huko kwenye radieta, wala haihusiani na maji ya kukogea. Nusu saa ya vocha imekwenda.

Basi nikalivamia bomba la mvua. Maji ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na kile kichwa cha bomba kilikuwa kimeota ukoko mweupe. Nikakilaza usiku kucha jikoni ndani ya bakuli la siki. Asubuhi kikang'ara kama kipya. Nikakirudisha mahali pake, nikafungua maji ya moto. Kifaranga yule yule.

Mke wangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba Salma, maji ya baridi si yanatoka hapo hapo? Mbona hayo yana nguvu?"

Sikuwa na jibu, nikaenda kuchukua ndoo. Ndoo ya lita 10 ilijaa maji ya baridi kwa dakika moja na nusu. Ya moto yalichukua dakika saba. Simtanki halina kosa, basi, wala bomba la mvua. Maji yanakwama ndani ya hita.

Pale maji yanapoingilia hita pana kichujio kidogo, kama cha chai ya mtoto. Nikashika spana, nikafungua. Koki ya chini sikuifunga. Sitaeleza zaidi, ila majirani walijua kuwa nimekoga, tena na nguo.

Kichujio kilikuwa na mchanga kidogo, na juu yake bumba la nyuzi nyeupe. Nikazivuta, nikazitambua: tepu ya bomba! Ile niliyoizungusha kwenye elbo kwa mapenzi yote, mizunguko kama kilemba cha bwana harusi, ncha zikaning'inia ndani ya paipu, zikakatika, zikasafiri. Nikazitia mfukoni kabla mke wangu hajafika.

Maji sasa yakamwagika ya moto, yanafuka. Nikakimbilia ndani, nimerowa chapachapa: "Mama! Njoo ukoge!"

"Nishakoga kwa ndoo, mwanangu. Kaa tule."

Mezani pana wali, samaki wa kukaanga na kachumbari. Nikajaza sahani, nikala kwa raha ya mtu aliyeshinda vita. Niko kijiko cha tatu, jicho likaangukia lile bakuli la siki, tupu, limepinduliwa pembeni ya sinki.

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akaitazama kachumbari.

"Hii siki yenu," Mama akasema akijiongezea, "ina ukali wa aina yake. Mmeinunua Darajani? Nitafutieni chupa mbili nirudi nazo Wete."