Kinjeketile hakuwa tapeli, tusome vizuri ile sehemu ya gerezani

Huku Lindi ukigusia tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), ile ya mganga wa Vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, hukosi mtu wa kukwambia huyo jamaa alituponza, kawapa watu maji akawadanganya risasi haziingii, wakaisha. Hoja hiyo siidharau. Vita ilianzia hapa hapa Umatumbini, Nandete, Julai 1905, watu waking'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu, na mbele ya bunduki za Mjerumani maji hayakumkinga mtu. Kiongozi anayetoa ahadi asiyoweza kuitimiza ana deni, na wanaosema Hussein anawaonya viongozi wa enzi za Azimio la Arusha wachunge maneno yao hawajakosea.

Ila tukae kwanza kwenye hesabu ya vifo maana ndiyo fimbo wanayompigia. Wajerumani wenyewe walitaja watu 75,000, wanahistoria wengine wanafika 250,000 hadi 300,000, na wengi wa hao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa. Mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa, na ilikuwa mbinu iliyopangwa ili watu wasalimu amri. Sasa mama aliyekufa na mwanae porini akichimba mizizi kwa sababu ghala lake limetiwa moto, huyo naye tunamwandika kwenye deni la Kinjeketile? Alikuwa hata hajaenda vitani! Yani aliyechoma chakula tunamruka tunaenda kumshika mganga, na hilo ndilo linaniuma kila mjadala huu ukianza.

Turudi jukwaani. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado mbichi kabisa. Hussein kambakiza hai mpaka watu wake wanashindwa, na alishasema mwanzoni mwa kitabu kwamba huyu wa kwake ni wa kubuni. Kwanini amfanyie hivyo? Kwa nionavyo mimi ni ili amfikishe gerezani, kapigwa, na Kitunda yuko pembeni anamsihi aseme tu maji yalikuwa uongo. Kitunda si mjinga wala msaliti, ndiye aliyewafundisha watu vita, amewaona wanavyokufa, na anachoomba kina haki kabisa. Hapo pande zote mbili zina uzito na ndiyo maana inaitwa tanzia.

Kinjeketile anakataa. Wengi wanasoma kama kiburi, au uongo wa mara ya pili. Lakini angalia nani anayelitaka hilo neno: ofisa wa Kijerumani. Akilipata atawaambia watoto wetu kwamba kosa lilikuwa kupigania nchi, atalitoa kwenye maji atalibandika kwenye vita yenyewe, na hilo Kinjeketile ameliona mapema kuliko wenzake wote. Shaka juu ya maji anayo toka zamani. Ile siku alipopandwa na pepo Hongo alitamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule sultani wa Zanzibar, watu wakashangilia, baadae akili ilipomrudia ndo akashtuka, kumbe wanamtoa Mjerumani wajiingize kwa bwana mwingine! Tapeli hapati maumivu ya namna hiyo, na tapeli asingewaambia watu wasubiri kwanza, maana yeye alitaka wasubiri, waliokosa subira ni wao, neno lilishatoka mikononi mwake likawa lao.

Waliokuwepo Mtwara 2013 kwenye sakata la bomba la gesi, watu walipopinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam, wanaielewa hii bila kufundishwa, neno likishaingia mtaani hata wewe uliyelianzisha huna breki nalo.

Kosa lake nalikubali, alikaa na shaka moyoni muda mrefu mno na kuna watu walienda kwenye risasi wakiwa hawaijui. Hilo limpate. Ila Mmatumbi, Mngindo na Mzaramo waliokuwa wakitupiana lawama, wakaja kukaa upande mmoja, hilo halikuwa uongo hata kidogo na ndilo aliloogopa kulikana mbele ya yule ofisa.

Kwahiyo vijana wa sanaa mnaoigiza kazi hii mashuleni huku kusini, ile sehemu ya gerezani msimwinamishe Kinjeketile kichwa kama mtu aliyeumbuka. Mwacheni amtazame ofisa usoni, na Kitunda naye mpeni sauti yake yote, asichekwe na watazamaji.