Hazina ya chini ya bahari isiwindwe kwa pupa

Msimu wa kaskazi ukikaribia, wazamiaji wa Nairobi huanza kupigiana simu. Nani amepata likizo, nani ana miwani ya ziada, tutalala Diani au Watamu. Kati ya Oktoba na Machi bahari yetu hutulia, maji huwa maangavu, na mtu aliyeshinda mwaka mzima kwenye foleni ya Mombasa Road huanza kuota matumbawe. Mwaka huu, katika kundi ninalosafiri nalo, limeletwa pendekezo jipya: tuandae siku ya kuwinda hazina chini ya maji, wapya na wakongwe washindane, na zawadi ziwepo.

Wazo lenyewe naliunga mkono kwa moyo wote. Ninachopinga ni kanuni iliyopendekezwa, kwamba atakayepanda na vitu vingi zaidi kwa muda mfupi zaidi ndiye mshindi. Kanuni hiyo ikipita, tutakuwa tunampa zawadi mzamiaji ambaye hakuna anayepaswa kushuka naye.

Kwa wasioujua mchezo huu: Marekani na Uingereza, ambako umezoeleka, mara nyingi hufanyika kwenye maziwa na machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Waandaaji hutawanya vitu vidogo chini, kama mawe yaliyopakwa rangi, sarafu za bandia au mayai ya plastiki yenye namba. Mzamiaji hushuka na mfuko wa wavu, huokota, hupanda, kisha namba zake hubadilishwa kwa zawadi: tochi, mapezi, pengine safari nzima. Ada ya kushiriki mara nyingi huenda kwenye shughuli ya hisani. Ni siku ya familia, watu wanachoma nyama ukingoni, na aliyepata cheti juzi anajikuta akiogelea na aliyeanza kuzamia kabla yeye hajazaliwa. Hilo la mwisho ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu huku kwetu mtu akishapata cheti huachwa ajitafutie mwenyewe.

Lakini chini ya machimbo yale ni tope na mawe. Ukilitifua tope, litatua tena baada ya saa chache. Sisi sakafu yetu, mahali pengi tunapopenda kuzamia, ni hai.

Nianze na hewa, maana hapo ndipo pupa inapoua. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Mzamiaji aliyetulia tumkadirie lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Akishuka mita 10 shinikizo linakuwa maradufu, akifika mita 20 linakuwa mara tatu, na kila pumzi inabeba hewa kwa kiwango hicho hicho. Kwa hiyo kwenye mita 20 anakula lita 60 kwa dakika. Ondoa bar 50 za akiba, ambazo haziguswi, zinabaki lita 1,800. Hiyo ni nusu saa. Sasa mwambie ashindane. Mpinzani anampita kushoto, kitu kinang'aa mbele, moyo unaenda mbio, mapezi yanapiga kwa nguvu, na matumizi ya hewa yanaweza kufika maradufu. Nusu saa imekuwa robo saa, na geji ya hewa hajaiangalia kwa sababu macho yake yote yako kwenye mchanga.

Tena mwenye haraka humwacha mwenzake. Tunafundishwa tangu siku ya kwanza kwamba tunashuka wawili na kupanda wawili, kwa sababu hewa ikikuishia, mtungi wa pili ulio karibu ni ule ulio mgongoni mwa mwenzako. Weka zawadi ya mtu mmoja mmoja na utaona wawili hao wakiachana kabla hata mchanga haujatulia. Na mwenye haraka hupanda vibaya. Hewa iliyo mapafuni hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua, na aliyebana pumzi huku akipanda anaweza kujeruhi mapafu hata kwenye maji ya mita chache tu. Hakuna tochi yenye thamani hiyo.

Kwa hiyo mimi ningeugeuza mchezo wenyewe. Washindani wawe jozi. Kila jozi iruhusiwe kuokota vitu vitatu, basi. Ukishapata vitatu huna sababu ya kukimbizana na mtu. Pointi zitokane na hewa iliyobaki mtungini mnapofika juu, na zihesabiwe kwa yule mwenye hewa kidogo kati ya hao wawili, ili kila mmoja amchunge mwenzake. Jozi isiyosimama dakika tatu kwenye mita 5 kabla ya kutoka iondolewe. Iliyopanda ikiwa imeachana iondolewe. Iliyogusa tumbawe iondolewe, hata kama ni kwa ncha ya pezi. Hapo mshindi atakuwa yule anayeelea bila kuhangaika, anayepumua polepole, anayejua alipo mwenzake bila kugeuka mara mbili. Huyo ndiye ningependa wapya wamtazame na kutaka kufanana naye.

Najua baadhi ya wenzangu watasema hiyo si mbio tena. Ni kweli, na ndivyo ninavyotaka.

Kuhusu mahali, sidhani kama kuna mjadala mrefu. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, za kwanza nchini Kenya. Ndani ya hifadhi huokoti kombe wala kipande cha tumbawe kilichokufa, na sioni namna ya kuwafundisha watu kuokota vitu pale pale tunapowakataza kuokota. Matumbawe makubwa ya mviringo, yale ambayo mgeni hudhani ni mawe, hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Mwaka 1998 maji yalipopata joto la El Niño, miamba ya Pwani yetu iligeuka myeupe na sehemu kubwa ya matumbawe ikafa. Kilichopona kimepata taabu ya kutosha. Mzamiaji mpya ambaye bado hajajua kiasi cha vipande vya risasi vya kuongeza uzito anachohitaji kwenye mkanda wake huzama ghafla, huparamia, hushika chochote kilicho karibu ili asimame. Usimpe sababu ya kuinamia mwamba.

Mchanga upo. Nje ya miamba ya Diani na ya pwani ya kaskazini ya Mombasa kuna maeneo mapana ya mchanga yanayofaa kabisa, na manahodha wanayajua. Wakongwe wanaotaka kitu kigumu zaidi wanaweza kuzamia Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki. Huko ningependa mchezo wa kutoondoa kitu: jozi zipewe kibao na kalamu, ziandike viumbe zilivyoviona, na mwongozaji aliyeshuka nao athibitishe. Kumwona mkunga ndani ya tundu lake, au pweza aliyejigeuza rangi ya chuma, kunahitaji macho na utulivu kuliko kuokota yai la plastiki.

Na hayo mayai yasije kabisa. Plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku kwenye hifadhi zetu, fukwe zikiwemo, tangu Juni 2020, na hata pale ambapo sheria haifiki, kitu kitakachosahaulika chini ya bahari hakipaswi kuwa plastiki. Mimi napendelea vigae vya udongo uliochomwa, vyenye namba na mwaka. Vinazama, havina sumu, na mfinyanzi atapata kazi. Idadi iliyoshuka lazima iandikwe, na siku haifungwi mpaka yote ipande au ijulikane iliko.

Nimeutaja mwaka juu ya kigae kwa sababu. Pwani hii ina hazina za kweli, na udongo uliochomwa ni mmojawapo wa vitu ambavyo wataalamu wa mambo ya kale huvitafuta. Mbele ya Fort Jesus, mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome hiyo, manowari ya Kireno Santo António de Tanná ilizama. Ilichimbuliwa na wazamiaji kuanzia 1977 hadi 1980, na baadhi ya vitu vilivyotolewa vimo katika makumbusho ya Fort Jesus. Nawasihi wenzangu wa Nairobi wapite pale wavione kabla ya kukimbilia ufukweni. Kule Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kuna meli nyingine iliyobeba pembe za ndovu na vipande vya shaba, na wapo wataalamu wanaosema huenda ni São Jorge, ya msafara wa Vasco da Gama wa mwaka 1524. Huenda. Jibu litatokana na kila kipande kubaki pale kilipoangukia hadi kipimwe na kuchorwa. Kipande kilichohamishwa na mzamiaji mwenye shauku kinapoteza nusu ya habari zake.

Hofu yangu ni kwamba tukiwafundisha watu kwamba kilichoko chini ni cha aliyekiona kwanza, hawataacha fundisho hilo kwenye boti. Kwa hiyo maelezo ya asubuhi yawe wazi: tunaokota vigae vyetu tu. Ukiona mzinga, nanga, shingo ya mtungi, ncha ya ubao iliyochomoza mchangani, usikiguse. Kumbuka mahali, panda, wajulishe Makumbusho ya Taifa. Sheria ya urithi ya mwaka 2006 inavilinda vitu hivyo, lakini sheria haina macho kwenye mita 15. Sisi tunayo.

Sasa jambo ambalo linatuhusu sisi wa Nairobi kuliko mtu yeyote, na ambalo silisikii likisemwa vya kutosha. Ratiba iliyopendekezwa inaweka shindano Jumapili asubuhi, kisha treni ya usiku, ili Jumatatu watu wawe kazini. Kila mzamiaji anajua kwamba hapandi ndege mara tu baada ya kuzamia, kwa sababu naitrojeni iliyoyeyuka mwilini chini ya shinikizo inahitaji muda kutoka, na shinikizo likipungua haraka hugeuka mapovu. Mapendekezo ya Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja bila kuhitaji vituo vya lazima vya kusimama wakati wa kupanda, na angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku mfululizo. Wengi huishia hapo: sipandi ndege, napanda treni, basi niko salama.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mapendekezo yale yamewekwa kwa ajili ya ndege ambazo ndani yake hewa ni sawa na ya mita 600 hadi 2,400. Jiji letu lote limo ndani ya kipimo hicho. Treni ya SGR inakutoa ukingo wa bahari na kukufikisha Syokimau kwa saa tano au sita hivi, ikipanda njia nzima, na mwili haujui kama umepandishwa na injini ya ndege au ya treni. Basi la usiku ni vilevile. Tofauti na ndege ni kwamba ukifika hushuki tena. Unalala huko huko juu.

Ndiyo maana naomba shindano liwe Jumamosi asubuhi, mwisho wa kuzamia uwe Jumamosi hiyo hiyo kabla ya adhuhuri, na Jumapili iwe ya kuoga, kupumzika, Fort Jesus na biriani. Aliyezamia hadi saa tano mchana wa Jumamosi atakuwa amepita saa 18 alfajiri ya Jumapili, na treni ya mchana au ya usiku haitamtisha. Kama kuna mtu hawezi kukosa Jumapili nyumbani, asizamie; aje aendeshe meza ya pointi.

Wapya, kwa upande wao, wasingoje Pwani. Wengi wetu tulijifunza hatua za kwanza kwenye bwawa la kuogelea hapa hapa jijini, na bwawa ndilo mahali bora la kuanzia mchezo huu. Tandaza vigae chini, wape kazi ya kuviokota bila magoti kugusa sakafu, waangalie nani anaelea na nani anapepesuka. Atakayeshindwa bwawani apewe wiki nyingine za mazoezi, na atakayeweza aandikiwe safari. Na tusidanganyane kuhusu machimbo ya mawe yaliyojaa maji pembezoni mwa Nairobi, hata kama yanafanana na yale ya Uingereza kwenye picha. Maji yale ni machafu, chini hapaonekani, na watoto wa mitaa ya jirani wamezama mle. Si mahali pa mchezo.

Limebaki la wenyeji. Waongozaji wanaotushusha ni vijana wa Pwani, wengine watoto wa wavuvi, na wao ndio wanaojua bamvua, yaani maji makubwa, inapovuta na maji mafu, yaani maji madogo, yanapofaa. Tarehe ya shindano tuwaulize wao kabla hatujaomba likizo, maana siku nzuri kwenye kalenda ya ofisi inaweza kuwa siku mbaya ya mkondo. Wavuvi wa eneo husika nao waambiwe mapema kupitia kamati yao ya ufukwe, kwa sababu mchanga ule tunaouita mtupu huenda ndipo wanapotega. Na ada ya kushiriki, badala ya kununua tochi kutoka ng'ambo, igharimie masomo ya kijana mmoja wa kule apate cheti cha juu cha uongozaji. Mwongozaji akisema asubuhi ile kwamba bahari imekataa, tuwe tumekubaliana tangu Nairobi kwamba hakuna atakayembishia.