Si Moyo Mwepesi: Jeni, Kumbukumbu na Kiwewe

Watu wawili wametoka kwenye ajali moja ya basi. Walikaa kiti kimoja na wakaona yaleyale. Miezi sita baadaye mmoja anasafiri kama kawaida, ila mwenzake akisikia breki zikilia tu, jasho linamtoka na anajikuta tena katikati ya vioo na vyuma vilivyokunjamana. Wanaomtazama husema ana moyo mwepesi, hajakaza roho, imani yake haba. Mimi nasema maneno hayo ni ukatili, na zaidi ya hapo yamekosea kisayansi. Sehemu ya kinachomtesa ni kumbukumbu inayofanya kazi yake vizuri kupita kiasi, na sehemu ya ukali huo huenda alizaliwa nao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 70 ya watu hupatwa na tukio la kutisha angalau mara moja maishani, lakini ni kama asilimia 5.6 tu ya hao wanaoishia kupata PTSD, yaani msongo unaobaki baada ya kiwewe. Wanawake huipata zaidi kuliko wanaume. Wiki za mwanzo karibu kila mtu hukosa usingizi na kushtukashtuka, na huo si ugonjwa. Ugonjwa unatajwa pale dalili zinapopita mwezi mmoja na kuvuruga maisha: tukio kujirudia kichwani au ndotoni, kukwepa chochote kinacholikumbusha, hisia kufa ganzi au kujilaumu, na mwili kukaa chonjo muda wote. Wahenga waliiona zamani: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Swali ni kwa nini wengine waliogongwa na nyoka yuleyule wanapita nyasini bila shida.

Jibu la kwanza zito lilitoka kwa mapacha. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jozi zaidi ya 4,000 za mapacha wanaume waliokuwa jeshini enzi za vita vya Vietnam. Mapacha wa yai moja wana jeni zilezile, ilhali wa mayai mawili wanafanana kwa takribani nusu, kama ndugu wengine wowote. Hata baada ya kuzingatia nani alipigana zaidi na nani kidogo, urithi ulieleza karibu asilimia 30 ya tofauti za dalili kati ya askari na askari.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Asilimia 30 haimaanishi kwamba theluthi ya jinamizi lako umeachiwa na babu yako. Ni kipimo cha tofauti ndani ya kundi fulani, katika mazingira fulani, na hakisemi lolote kuhusu mtu mmoja. Ukibadilisha kundi au njia ya kupima, namba inabadilika: utafiti mkubwa wa mwaka 2019, uliosoma vinasaba vyenyewe badala ya kulinganisha mapacha, ulipata kati ya asilimia 5 na 20, kutegemea jinsia.

Mapacha walisahihisha kosa jingine pia. Ilijulikana kwamba wengi wenye PTSD wana hipokampasi ndogo. Hiyo ni sehemu ya ubongo inayolipa tukio anwani yake: lilitokea wapi, lini, baada ya nini. Ikadhaniwa kwamba msongo ndio ulioisinyaza. Mwaka 2002 wakapimwa askari wagonjwa pamoja na mapacha wao wa yai moja ambao hawakuwahi kuiona vita. Hao wa nyumbani nao walikuwa na hipokampasi ndogo. Kwa hiyo, kwa sehemu fulani angalau, udogo ule ulitangulia vita.

Sasa tuingie kwenye kumbukumbu yenyewe, maana ndipo utamu wa jambo ulipo. Ukitishwa, mwili unamwaga adrenalini, homoni ya hofu na dharura, na ubongo unamwaga ndugu yake, noradrenalini. Noradrenalini inaiamsha amigdala, sehemu ya ubongo inayotambua hatari, nayo inaiambia hipokampasi na jirani zake: hili lishike kwa nguvu. Ndiyo maana unakumbuka ulikuwa umesimama wapi siku ya msiba, lakini hukumbuki ulikula nini Jumanne iliyopita. Mpango huu ni mzuri sana, mpaka tukio linapokuwa kubwa kupita kipimo. Hapo harufu, sauti, maumivu na mapigo ya moyo vinachongwa kwa kina, huku tarehe na mahali vikiandikwa kwa mkono unaotetemeka. Kumbukumbu isiyo na anwani haijui kwamba imekwisha. Ikiguswa, inakuja kama jambo la sasa hivi.

Jeni ziko ndani ya mashine hii hasa. Chukua jeni inayoitwa ADRA2B, inayotengeneza kipokezi kimojawapo cha noradrenalini, yaani protini ya seli inayopokea ujumbe wake. Baadhi ya watu wana toleo lililopungukiwa asidi amino tatu tu katika mnyororo wa protini hiyo. Upungufu mdogo, lakini kipokezi hakichoki upesi kama kawaida. Mwaka 2007 watafiti kutoka Uswisi waliwaonyesha vijana wenye afya picha za aina tatu: za kufurahisha, za kutisha na za kawaida. Wenye toleo hilo walizikumbuka picha zenye hisia kuliko wenzao, za furaha na za hofu pia, lakini kwa picha za kawaida hawakuwazidi. Kisha wakapimwa manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda waliokuwa wakiishi kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Wenye toleo lilelile ndio waliorudiwa zaidi na matukio waliyoyaona.

Mwaka 2012 kundi hilohilo la watafiti lilirudi na jeni nyingine, PRKCA, inayohusika na kimeng'enya kinachosaidia kuimarisha viunganishi vya seli za neva. Kwa vijana wa Uswisi, toleo moja la jeni hii lilienda pamoja na uwezo mzuri wa kukumbuka picha. Katika wakimbizi 347 wa Rwanda kambini Nakivale, waliorithi toleo hilo kwa baba na kwa mama walikuwa na hatari ya PTSD takribani mara mbili ya wengine. Kipaji kile ambacho darasani kingekupa zawadi, ndicho kinachokunyima usingizi baada ya mapanga.

Jeni nyingine haigusi kumbukumbu moja kwa moja, inagusa breki. Kotisoli, homoni ya msongo, ikipanda, inatakiwa ijizime yenyewe kwa kushika kipokezi chake ndani ya seli. Protini ya jeni FKBP5 hukaa juu ya kipokezi hicho na kukilegeza mshiko. Kuna toleo linalozalisha protini hiyo kwa wingi kila kotisoli inapofika, hivyo breki inachelewa kukamata. Utafiti uliofanywa Atlanta na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba toleo hilo peke yake halikuongeza dalili za ukubwani. Liliziongeza kwa wale waliodhulumiwa utotoni. Mwaka 2013 ikaonekana sababu mojawapo: kwa hao, dhuluma ya utotoni iliondoa alama za kikemikali zinazoituliza jeni hiyo, zikabaki zimeondoka hadi utu uzima. Anayeuliza kama tatizo ni jeni au ni malezi, hapa swali lake linamfia mdomoni.

Pamoja na hayo yote, sishauri mtu atoe pesa kupimiwa mate ili ajue kama "ana jeni ya kiwewe". Jeni hiyo haipo. Nyingi zilizosifiwa moja moja katika miaka ya 2000 zilitokana na makundi madogo na hazikuthibitika utafiti uliporudiwa, kwa hiyo hata matokeo niliyoyataja nayasoma kama madirisha ya kuonyesha mashine inavyofanya kazi, si kama vipimo vya kliniki. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2024, uliojumuisha watu zaidi ya milioni 1.2, ulipata maeneo 95 kwenye vinasaba yanayohusiana na PTSD, kila moja likiwa na mchango mdogo mno. Tena wengi wa waliopimwa ni wenye asili ya Ulaya. Vinasaba vya Waafrika vina tofauti nyingi zaidi na vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi zaidi, hivyo alama iliyochaguliwa kwa Mzungu inaweza isielekeze popote kwa Mwafrika.

Hata hesabu yenyewe inakataa. Tuseme kwa mfano hatari ya kawaida baada ya tukio fulani ni 10 kwa 100, na toleo lako linaizidisha mara mbili. Ni 20 kwa 100. Wanane kati ya kumi wenye cheti kibaya hawataugua, na kama wenye toleo hilo ni wachache, wengi watakaougua hawatakuwa na cheti hicho.

Kinachotabiri vizuri zaidi hakihitaji maabara. Ni idadi ya aina za matukio ambayo mtu amepitia. Katika utafiti wa watu zaidi ya 3,000, wakimbizi wa Sudan na wenyeji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2004, waliotaja matukio matatu au pungufu walikuwa na PTSD kwa asilimia 23. Waliotaja 28 au zaidi walikuwa nayo wote, asilimia 100. Mzigo ukifika huko, hakuna jeni inayomwokoa mtu.

Kwa hiyo mhudumu wa afya asiulize "una kiwewe?", maana atajibiwa hapana. Awe na orodha na asome kimoja kimoja: umewahi kupigwa, kuona mtu akiuawa, kubakwa, kuunguliwa nyumba, kukaribia kuzama. Ahesabu ndiyo. Kisha aulize kuhusu utoto, na kama baba, mama au ndugu wa tumbo moja aliwahi kuugua msongo wa namna hii au sonona. Hiyo ndiyo historia ya urithi inayotosha, na ni bure.

Makosa ya wiki za mwanzo baada ya tukio yanajulikana. Moja ni kumkalisha mtu siku mbili baada ya tukio na kumlazimisha asimulie yote kwa kikao kimoja. Njia hiyo imechunguzwa na haizuii PTSD. Jingine ni kumpa dawa za usingizi za kundi la daizepamu na kumwacha nazo. Hazitibu kumbukumbu, na zinaleta utegemezi.

Kwa aliyekwisha kuugua, tiba ya kusimulia hufuata mantiki ile ya anwani. Katika mojawapo ya njia hizo, mgonjwa hutandaza kamba sakafuni kuwa maisha yake tangu kuzaliwa, akaweka maua penye mema na mawe penye mabaya. Kisha kila kikao, cha dakika 60 hadi 120, jiwe moja husimuliwa polepole: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulifanya nini, ilikuwa mwezi gani, sasa hivi mwili unahisi nini. Kinachoharibu tiba hii ni kukata kikao hofu ikiwa juu kwa kuwa saa imeisha, au msikilizaji kuogopa na kurukia jiwe linalofuata. Hofu inabaki wazi kama kidonda, na mgonjwa harudi tena.

Jeni zimetoa funzo moja hapa ambalo ningependa lichukuliwe bila kumpima mtu yeyote. Katika utafiti mdogo wa manusura wa vita kaskazini mwa Uganda waliopewa tiba hiyo, wenye toleo la hatari la FKBP5 walipona vizuri mwanzoni, lakini ilipofika miezi kumi baada ya tiba dalili zilikuwa zimeanza kuwarudia, tofauti na wenzao. Kliniki nyingi hufunga faili baada ya kikao cha mwisho. Tarehe ya kurudi baada ya miezi kumi iandikwe kwenye kadi ya kila mgonjwa siku hiyohiyo anapomaliza, na asipofika apigiwe simu.